Beshiki Iliyotembea

Ilikuwa ikimjia. Munojat alikuwa amekaa sakafuni, mkono umeshika mti wa juu wa beshiki, kitanda cha mbao cha kubembezea mtoto, anavuta na kuachia, anavuta na kuachia, na kila mvuto upande wa miguuni ulimsogelea kidogo, kama mbuzi aliyesikia harufu ya pumba. Wimbo wa kumlaza mtoto haukuwahi kufika mwisho. Ukifika katikati tu, ubao ulikuwa umeshamgusa goti. Akiinuka airudishe mahali pake, Sanjar anafumbua macho. Akifumbua macho, analia. Akilia, pazia la chumba cha pili linafunguka.

“Leo imefika wapi?” aliuliza Bi Oydin, mama mkwe wake, huku akijifunga kitambaa kichwani. “Jana niliikuta karibu na mlango. Nadhani inatafuta njia ya kurudi kwenu.”

“Ni sakafu, Mama. Mbao zinateleza.”

“Sakafu hii imelea watoto wangu wote. Haikuteleza.”

Munojat alimfungua mtoto zile kanda mbili pana, ya kifuani na ya magotini, akamtoa na kumlaza begani. Sanjar alikuwa bado hajajua kukaa. Shingo yake ilikuwa imeanza tu kukishika kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kizito kuliko mwili wote uliobaki, au ndivyo bega la mama yake lilivyomwambia kila alfajiri.

Huyo alikuwa mtoto wa kwanza, na beshiki ya mtoto wa kwanza huletwa na watu wa upande wa mke. Iliposhushwa kwenye gari na mablanketi yake na mikate na masinia ya peremende, wanawake wa mtaa mzima walitoka kuitazama. Ilikuwa nyekundu, na maua ya njano yamechorwa mpaka kwenye vifundo vya mti wa juu. Bibi mmoja alimshika Sanjar, akamlaza kichwa kikiwa upande wa miguuni, akauliza, “Alale hivi?” Wote wakapiga kelele, “Siyo hivyo!” Akamgeuza ubavu. “Hivi?” “Siyo hivyo!” Mpaka alipomlaza sawasawa ndipo zikarushwa peremende na vicheko. Siku hiyo Munojat alisimama nyuma ya wanawake wenzake, mdhaifu bado kwa uzazi, akaona fahari hata machozi yakamlenga. Beshiki ile ilikuwa imetengenezwa na baba yake.

Kwao, ng'ambo ya mfereji mkubwa, baba huyo, Tursunboy, hakuitwa kwa jina. Aliitwa Fundi wa Beshiki, na ungeuliza mtu yeyote katika upande ule wa bonde la Fergana angekuonyesha mlango wake. Lakini miaka ya karibuni mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na sokoni kulikuwa na vitanda vya chuma vya watoto vyenye magurudumu na vitoto vya dubu vya plastiki vinavyoning'inia. Waliokuja kuagiza kwake walipungua. Sasa ikisikika kwamba beshiki aliyompelekea binti yake mwenyewe imetupwa stoo, nani tena atabisha hodi?

Na kutupwa stoo ndiko kulikokuwa njiani. Bi Oydin alikuwa amekwisha kumpigia simu dada yake, Bi Karomat, alete ile beshiki ya zamani ya ukoo wao siku ya Jumapili.

“Simlaumu mtu,” alisema. “Lakini mjukuu wangu anataka usingizi, na mimi pia.”

Munojat alikuwa amejaribu kila alichoambiwa. Mumewe Ilhom, aliyekuwa Urusi akijenga majengo ya watu wengine, alimwambia kwa simu aweke matofali pande zote mbili. Aliweka. Beshiki ikagonga tofali, ikagoma kabisa kubembea. Jirani akamwambia atandike zulia zito chini. Alitandika. Beshiki ikatembea pamoja na zulia, ikalikunja. Mwisho aliifunga kwa kamba kwenye msumari wa ukutani. Ikabembea vizuri mara chache, ikafika mwisho wa kamba, ikakatika mwendo ghafla. Sanjar akashtuka, mikono ikitaka kuruka ndani ya kanda.

“Wifi, beshiki imesimama lakini yeye bado yuko safarini,” alisema Gulchiroy, mdogo wake Ilhom, ambaye alikuwa amejilaza kando ya dirisha na kitabu cha fizikia kifuani. Alikuwa akijiandaa na mtihani wa kuingia chuo, na mwezi ule hakuna kitu nyumbani kilichonusurika na kitabu kile. “Kitu kilicho kwenye mwendo kinataka kuendelea na mwendo. Kilichotulia kinataka kutulia. Mpaka kitokee kitu cha kukilazimisha.”

“Kama wewe na vyombo.”

“Mimi ni kitu kilichotulia,” alikubali Gulchiroy, akafunua ukurasa.

Ikabaki kumwita baba. Munojat hakutaka. Kwenye simu alizungukazunguka, akaulizia afya, akaulizia aprikoti za uani kama zimechanua, na mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba beshiki inasogea.

“Haisogei,” alisema Fundi Tursunboy.

“Baba, inasogea.”

“Unaivutaje? Usiivute kama ng'ombe. Inabembezwa kwa vidole.”

“Naibembeza kwa vidole.”

“Nimetengeneza beshiki tangu hujazaliwa. Haisogei.” Kisha akaongeza, “Nitakuja Ijumaa.”

Ijumaa alikuja asubuhi, amevaa kofia yake nyeusi yenye nakshi nyeupe, begi la vifaa begani, na chini ya kwapa kifuko cha unga. Munojat alikijua kifuko kile tangu utotoni. Beshiki tupu haibembezwi, hilo hata mtoto wa kuchunga bata analijua. Anayebembeza beshiki tupu anamtakia mtoto mabaya. Basi fundi ataijaribuje kazi yake kabla ya mtoto kupatikana? Baba yake alishona kifuko cha kitambaa kigumu, akakijaza unga mpaka kikawa na uzito wa kitoto, na kila beshiki iliyotoka mikononi mwake ilimlea kwanza yule mtoto wa unga.

Sanjar alikuwa amelala mapajani mwa Bi Oydin. Alikuwa amelia tangu alfajiri, na sasa usingizi ulikuwa umemshika mdomo wazi.

“Mkwe, karibu,” alisema Bi Oydin kwa kunong'ona. “Sinyanyuki, unaona mwenyewe. Na huyu hatoki mapajani mpaka aamke mwenyewe.”

“Usimwamshe, Mkwe. Simhitaji.”

Fundi alipiga magoti. Aliishika beshiki isitikisike, akakilaza kifuko cha unga katikati kabisa, akakifunga kwa kanda, akavuta mti wa juu kwa vidole viwili. Beshiki ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Ilisogea kidogo tu, ukucha pengine, na hakuna aliyeona ila Munojat, naye hakuwa na uhakika. Fundi aliendelea muda mrefu. Kisha akaacha mkono, akaifuata kwa macho ilivyokuwa ikipunguza mwendo hadi ikatulia.

“Iko wapi iliyotembea?” aliuliza.



“Mkono wake ni mzito,” fundi alimwambia Bi Oydin, siyo Munojat. “Mama yake alikuwa hivyohivyo. Ataizoea.”

“Hata mimi nikiibembeza inatembea, Mkwe,” alisema Bi Oydin, macho yake yakiwa kwa mtoto.

“Basi mikono mizito ni mingi nyumba hii.” Alicheka peke yake, akaangalia saa ya ukutani, akaenda kusali Ijumaa. Pilau ingemsubiri akirudi.

Munojat aliingia jikoni akaanza kukata karoti. Alizikata kwa hasira hata vipande vingine vikaruka chini. Angefanya nini? Akisema beshiki ni nzima, basi yeye ndiye asiyejua hata kubembeza mtoto wake. Akisema mkono wake ni mzima, basi amemvua nguo baba yake mbele ya wakwe. Na kote kuwili Jumapili inakuja na gari la Bi Karomat. Alitamani kumpigia Ilhom, lakini alijua Ilhom angesema matofali.

Alibeba sinia la chai kurudi chumbani, akalitua kwa kishindo kuliko alivyokusudia. Kibakuli kimoja cha chai, kile cha bluu chenye ua la pamba, kikaruka kikaangukia ubavu. Hakikuvunjika. Kilibiringika kwenye mbao, kikapinda, kikaendelea kupinda, kikazunguka duara zima, kikamrudia mguuni.

Akakitazama. Akakiinamia, akakisukuma tena. Kikazunguka, kikarudi.

“Unacheza?” aliuliza Gulchiroy.

“Ngoja.” Alikwenda jikoni akaleta mti wa kusukumia unga, akaulaza, akausukuma. Ukaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Akasukuma kibakuli. Kikazunguka.

“Mdomo wake ni mpana, kitako ni chembamba,” alisema Gulchiroy, sasa ameinuka. “Vyote viwili vinazunguka mara moja, lakini mdomo unatembea njia ndefu zaidi. Upande mmoja unamtangulia mwenzake. Ndiyo maana...”

Wote wawili walikuwa wakiitazama beshiki. Ilikuwa imesimama juu ya matao yake mawili, la kichwani na la miguuni, yaliyopinda kama maganda ya tikiti.

“Yanafanana,” alisema Gulchiroy.

“Yanafanana kwa macho,” alisema Munojat. “Nipe kile kifuniko cha boksi la viatu.”

Gulchiroy aliikumbatia beshiki kwa mikono yote miwili isije ikatikisika, wakailaza taratibu ubavuni. Bi Oydin aliwatazama kutoka kwenye mito yake, nyusi zimepanda juu. Munojat aliweka kifuniko nyuma ya tao la miguuni, akalifuata kwa kipande cha mkaa, akapata mstari mweusi. Kisha akakipeleka kifuniko kwenye tao la kichwani, akalilinganisha na mstari uleule. Katikati viligusana. Kwenye ncha havikugusana. Tao la kichwani lilikuwa limefunguka, limekuwa bapa. Kidole chake kidogo kilipita katikati ya mti na mstari.

“Lile la kichwani ndilo mdomo wa kibakuli,” alinong'ona Gulchiroy, macho yakimng'aa. “Linakwenda mbali zaidi kila mvuto. Kwa hiyo lazima ncha moja iteleze. Lakini mbona la miguuni ndilo linaloteleza, na siyo la kichwani? Na mbona kwa unga haikutembea?”

Munojat alikuwa bado ameshika mkaa. Alimtazama mwanawe. Kichwa cha Sanjar kilikuwa kimelalia mkono wa Bi Oydin, na Bi Oydin alikuwa amebandika mto chini ya mkono huo kwa kuchoka. Miguu ya mtoto haikuwa imewekewa kitu. Ilining'inia tu kama soksi.

“Kwa sababu unga hauna kichwa,” alisema.

Fundi Tursunboy aliporudi alikuta beshiki imesimama katikati ya chumba na kifuko chake kimefungwa ndani. Lakini hakikuwa katikati. Kilikuwa kimesukumwa juu kabisa, upande wa kichwani, pale kinapokuwa kichwa na kifua cha mtoto. Upande wa miguuni kulikuwa na soksi za Sanjar tu.

“Nani kakiweka hivi?”

“Mimi, Baba. Ibembeze.”

“Kifuko kinakaa katikati.”

“Sanjar hakai katikati.”

Akamtazama. Haikuwa kawaida ya Munojat kumjibu, lakini alikuwa amekwisha jibu. Fundi alipiga magoti polepole. Akashika mti wa juu kwa vidole viwili. Beshiki ikaenda, ikarudi. Kichwani uzito ulilikandamiza tao likang'ang'ania ubao. Miguuni, penye wepesi, tao likaburuzwa. Ikaenda, ikarudi. Upande wa miguuni ukaanza kumjia. Fundi alipunguza nguvu. Ikamjia. Alibadilisha mkono. Ikamjia. Iligusa goti lake, naye akaendelea kuivuta kana kwamba goti lile lilikuwa la mtu mwingine.

“Mikono mizito ni mingi nyumba hii,” alisema Bi Oydin kwa upole.

Uso wa fundi ulipanda damu. Aliisimamisha beshiki, akainama mpaka shavu likagusa sakafu, akayatazama matao kwa jicho moja, akapitisha dole gumba kwenye lile la kichwani. Munojat alimletea kifuniko cha boksi na ule mstari. Hakukipokea. Alikuwa amekwisha ona.

“Mti ulikuwa na maji bado,” alisema, kama anayezungumza na sakafu. “Mlinipigia simu mtoto amezaliwa kabla ya siku zake. Nilikata mti mbichi.” Kisha akanyanyua kichwa ghafla, sauti imepata nguvu. “Lakini mti mbichi haufunguki upande mmoja! Ungefunguka pande zote mbili, nisingekuwa na kesi. Nani aliiweka hii beshiki kichwa kando ya jiko la kupashia chumba joto?”

Gulchiroy alijifanya anasoma. Chai ilikuwa ikipoa.

“Mtoto asipate baridi,” alisema Bi Oydin.

“Imekaushwa kama mkate!”

“Kichwa cha mtoto wa miezi michache ndicho kinachopata baridi kwanza, Mkwe. Hata mafundi wanajua.”

“Baba,” alisema Munojat. “Mama. Mtaniamshia mtoto.”

Sanjar alikuwa amekwisha amka. Alikuwa akimtazama babu yake kwa jicho lililokunjamana, akifikiria kama alie.

Pilau ililiwa baridi. Fundi alitoa randa uani, akakaa juu ya gunia, akaanza kulipunguza tao la kichwani kwenye ncha zake. Aliranda kidogo, akalipima kwa mstari wa mkaa, akaranda tena. Mikono ilimtetemeka. Mara moja randa iliteleza ikachubua ua la njano, akatoa neno ambalo Munojat hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Alitaka kumwambia apumzike. Alitaka pia baba yake aseme, mbele ya watu walewale waliosikia asubuhi, kwamba mkono wa binti yake haukuwa mzito. Aliketi kizingitini akinyonyesha, akasubiri lile neno, na halikuja.

“Kulikuwa na mwanamke wa karibu na kinu cha pamba,” alisema baba yake bila kuinua kichwa. “Alikuja mara mbili kulalamika. Nikamwonyesha kwa unga. Akaondoka.” Akapuliza maranda. “Sijui alimfanya nini mtoto wake.”

“Alimbeba begani,” alisema Munojat. “Kama mimi.”

Fundi akarudi kuranda.

Ilipoingizwa ndani, matao yalikuwa yamelingana, na kwenye lile la kichwani rangi nyekundu ilikuwa imetoka ikaacha mti mweupe uchi. Haikupendeza. Bi Oydin aliona, Munojat akamwona alivyoona. Walimfunga Sanjar ndani, kichwa mbali na jiko safari hii. Munojat akanyoosha mkono ashike mti wa juu, na mama mkwe wake akamtangulia.

“Niachie mimi.”

Bi Oydin alibembeza. Hakubembeza kwa vidole, alibembeza kwa mkono mzima, kwa nguvu za mwanamke aliyekanda unga wa familia maisha yake yote. Beshiki ikaenda, ikarudi. Gulchiroy alikuwa amechora mstari wa chaki sakafuni pembeni ya tao la miguuni, na wote wanne walikuwa wameukodolea macho kama watu wanaongoja maji yachemke. Ikaenda, ikarudi. Haikuuvuka.

Ila Sanjar hakulala. Alilia kilio kile kile, miguu ikisukuma kanda, na Bi Oydin akaongeza mwendo, na mtoto akazidi kulia, mpaka Munojat akasimama. Kazi yote hii! Randa na mkaa na vibakuli na kumwaibisha baba yake, na mtoto analia!

“Ana gesi tumboni,” alisema Bi Oydin, akaacha kubembeza. “Hilo siyo la beshiki.”

Akamtoa mtoto, akamgeuza kifudifudi juu ya paja lake, akampapasa mgongo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, “Gulchiroy, mpigie dada yangu Karomat. Mwambie asisumbuke Jumapili. Chumba ni kidogo, hakitoshi beshiki mbili.”

Munojat aliinamisha uso upesi, akaanza kuokota soksi ambazo hazikuwa zimeanguka.

“Na wewe mwambie baba yako,” Bi Oydin alimwambia Munojat, ingawa fundi alikuwa amekaa mbele yake na kibakuli cha chai mkononi, “akija tena aje na rangi nyekundu. Siwezi kuonyesha wageni kitu kama hicho.”

“Nitaleta, Mkwe,” alisema Fundi Tursunboy.

Jioni kabla ya kuondoka alikaa kizingitini akivaa viatu, kifuko chake cha unga pembeni. Munojat alisimama nyuma yake na mtoto begani. Alikuwa amechoka hata hasira yake ilikuwa imechoka, lakini bado ilikuwepo.

“Nipe nimshike,” alisema baba yake.

Akampa. Fundi hakumpakata kama babu anavyopakata mjukuu. Alimlaza kwenye viganja viwili, kimoja chini ya kichwa, kimoja chini ya makalio, akamnyanyua kidogo, akamshusha, akamnyanyua tena, akiupima uzito kila upande kwa macho yaliyofumbwa. Sanjar alinyamaza kwa mshangao.

“Kichwa chote hiki,” alisema fundi.

Kisha akamrudisha, akachukua kifuko, akaomba sindano na uzi. Alikifungua ncha moja, akaomba konzi ya chumvi ya mawe, ile ya kulambisha kondoo. Akaitia upande mmoja, akaifunga kwa uzi ili isisambae. Kifuko kikawa na kichwa. Alikipima kwenye viganja vilevile, akakunja midomo, akaomba chumvi zaidi.

“Kinafanana na wewe,” alimwambia Sanjar.

Akakitia kwapani, akaaga. Kwenye lango aligeuka, akamtafuta Bi Oydin kwa macho, siyo binti yake.

“Mkwe. Ule mkono nilioutaja asubuhi.”

“Upi?”

“Si mzito,” alisema, akafunga lango upesi, kama mtu anayekimbia mvua.

Munojat alibaki amesimama uani. Sanjar alikuwa amesinzia begani mwake, huko huko alikozoea, na kichwa chake kilimwelemea shingoni kama mfuko wa chumvi. Ndani, beshiki ilikuwa mahali pake, imetulia. Alijua akimlaza tu ataamka.